Barua kwa mwanangu: tunahamia kwenye Kosta

Upanga, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zetu. Mimi na mama yako hatujambo, presha yangu imetulia. Nimeamua kukuandikia kwa sababu nilipokwambia kwenye simu kwamba tunahamia kwenye Kosta, yaani basi dogo, ulilia, na wewe ukilia maneno yote yananipotea.

Ulisema mawili. Kwanza, watu watasemaje mzee mstaafu akitoka ghorofani Upanga akalale ndani ya gari. Pili, ukipata likizo utarudi wapi. Nianze na hilo la pili maana ndilo lililoninyima usingizi.

Nyumba hatuuzi, tunaipangisha. Tangu sheria ya mwaka 2008 mwenye fleti anaweza kuwa na hati ya sehemu yake ya jengo, na hati yetu ina jina langu na la mama yako. Haibadiliki. Kodi ya mpangaji, tukishatoa asilimia 10 inayokwenda serikalini kama kodi ya zuio, na ada ya mwezi ya jengo, itatosha dizeli na matengenezo. Pensheni inabaki ya chakula na dawa. Siku tukichoka na barabara, kodi hiyohiyo itatupangia nyumba ya chini, isiyo na ngazi. Maana ngazi ndizo zilizotufikisha hapa, mwanangu. Ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na magoti ya mama yako unayajua. Siku hizi akishuka asubuhi anawaza jinsi atakavyopanda, basi anaamua kutoshuka. Vyumba vitatu tunavifagia na kuvilipia, tunaishi kwenye kimoja na jikoni.

Na usidhani nimemburuta. Wazo ni lake. Mama yako alifanya kazi ya ofisi pale Posta mpaka akastaafu, na nchi hii ameiona kupitia dirisha la basi akienda kuzika. Mikoa anayoijua ni ile tuliyopeleka maiti. Jioni moja aliniambia anataka kufika Matema, akae ufukweni mwa Ziwa Nyasa bila kuvaa kanga ya msiba. Nilikosa la kumjibu. Kesho yake nikaanza kuulizia Kosta.

Gari lenyewe ni Toyota Coaster kuukuu yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Nimeichagua kwa sababu ni injini ileile iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za hospitali na halmashauri. Nimezifungua na kuzifunga maisha yangu yote ya kazi. Tukikwama Makambako au Sumbawanga, fundi wa pale anaijua. Viti vyote nimeng'oa. Nyuma kuna kitanda chetu, kushoto jiko, kulia benchi ambalo usiku linakunjuliwa na kuwa kitanda cha pili. Hicho ni chako. Mama yako ameshakishonea foronya.

Nyumba ya matofali haikuulizi uzito, gari linakuuliza. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi letu la lita 150 likijaa ni kama tumepakia wanaume wawili wasioshuka kituo chochote. Magari ya kuanzia tani 3.5 lazima yapite mizani, na sisi pale Vigwaza tutapanga foleni na malori. Hivyo kila sufuria inayoingia tunaifikiria. Mtungi wa gesi wa kilo 15 nimeujengea kisanduku cha bati chenye tundu chini linalotokea nje, kwa kuwa gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala sakafuni. Jiko la mkaa halitaingia ndani hata mvua inyeshe namna gani, hewa yake ya sumu haionekani na inaua watu usingizini. Najua ungeniuliza hayo. Choo ni cha tangi dogo linalochomolewa na kwenda kumwagwa kwenye choo halisi, na kazi hiyo ni yangu.

Umeme tunapata kwa sola juu ya paa na betri za lithiamu. Zinamudu taa, feni, friji ndogo na simu. Kiyoyozi hazikiwezi usiku kucha, kwa hiyo badala ya kupambana na joto tutalikimbia. Ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama 6. Kaskazi ikianza kuvuma Desemba na Dar ikichemka, tutakuwa Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari. Masika hatutembei kabisa. Tutatulia Kigamboni kwenye ua wa rafiki yangu wa kazini, una changarawe na mlinzi. Kusi ikileta ubaridi tunashuka Bagamoyo, Pangani, halafu Tanga kwa baba yako mkubwa. Julai usitutafute Njombe. Matema tutakwenda Septemba, barabara zikiwa kavu.

Hatutalala kando ya barabara, hilo nakuahidi. Kuna nyua za gesti, kuna kambi za wasafiri, kuna vituo vya mafuta vyenye walinzi, na popote tutakapokaa zaidi ya usiku mmoja nitakwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Mbuga ya Mikumi tunapita mchana tu. Kuhusu presha, kadi ya bima inatumika hospitali za mikoani pia, na nimeandika mahali pa kliniki kwa kila kituo kikubwa. Nakala ya karatasi hiyo nitakutumia.

Sasa watu. Nadhani unachoogopa hukukitaja: barua ya posa italetwa wapi, wageni watakaa wapi. Mwanangu, barua za shangazi zako zote zilipokelewa kwa baba yako mkubwa ingawa babu yako alikuwa hai na ana nyumba. Yako nayo itapokelewa hukohuko Tanga, sebule ni kubwa na wazee wapo. Na likitokea la kutokea, turubai litafungwa uani kwake. Nimekaa naye, tumezungumza, amekubali kwa moyo mmoja. Barua za utambulisho nazo tutachukua kwa serikali ya mtaa wake, maana benki hawawezi kuandika anwani ya gari. Kijana atakayekuja kukuposa akirudi nyuma kwa sababu wazazi wako wanalala kwenye Kosta, ningependa arudi nyuma mapema.

Vitu vingi vimeshatoka. Sufuria za shughuli tumewapa kina mama wa kikoba chake, ndio wanaopika kwenye harusi na misiba ya mtaa. Sofa zimekwenda kwa jirani wa chini. Sanduku la kanga lilimchukua mama yako wiki nzima. Alikuwa anafungua doti moja, anasoma jina lake, anakaa kimya, anakunja. Amebakiza chache na mbuzi ya nazi, ambayo hakutaka hata kuijadili. Albamu za picha anazo shangazi yako, Temeke, ndani ya mifuko ya nailoni ili zisiliwe na unyevu.

Limebaki kabati la vioo la bibi yako pamoja na vikombe vyake. Sijampa mtu kabati hilo na sitampa mtu kabla hujasema neno. Kama unalitaka, nitalisafirisha Arusha kwa gharama yangu. Kama nyumba yako haina nafasi, litakwenda Tanga liwekwe kwa jina lako. Nijibu kabla ya tarehe 25, mpangaji anaingia tarehe mosi.

Desemba ukipata likizo, panda basi la kuja Dar ushukie Mombo, njia panda ya Lushoto. Nitakuja kukuchukua.

Baba yako