Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: mkitubadilishia vidonge, tuambieni

Mheshimiwa Mganga Mkuu, shikamoo.

Mimi ni mama wa kijana wa miaka 14 mwenye kifafa. Tunakaa Kibirizi. Mwanangu alikuwa amemaliza miezi 11 bila kuanguka, kwa kabamazepini ya miligramu 200 asubuhi na jioni.

Mwezi uliopita, kwenye dirisha la dawa, nilipewa vidonge nisivyovijua. Vya zamani vilikuwa vyeupe, vina mstari katikati. Hivi ni vinene zaidi, vimetiwa kwenye kibahasha cha karatasi kilichoandikwa "1x2" basi. Nikauliza. "Dawa ni ileile, mama, kampuni tu ndiyo tofauti."

Siku ya tisa akaanguka mwaloni, kando ya chanja za dagaa, hatua chache kutoka majini. Mvuvi mmoja alimlaza ubavu akakaa naye mpaka nikafika. Mungu ambariki. Kwetu ziwani mtoto wa kifafa tunamhofia maji kila siku inayopambazuka.

Siwezi kuapa kwamba ni vile vidonge. Wala sipingi dawa kuandikwa kwa jina lake badala ya jina la kampuni. Bila hivyo wengi wetu tusingeimudu. Lakini dawa za kifafa hazifanani na za maumivu. Dawa ikipungua kidogo tu kwenye damu, mtu yuko chini. Ndiyo maana mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwaelekeza madaktari wamwache mgonjwa wa kabamazepini, fenitoini au fenobabito kwenye dawa ya mtengenezaji yuleyule. Na kile kibahasha nacho kinanitisha: Marekani walishaonya tangu 1990 kwamba vidonge vya kabamazepini vikikaa penye unyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu yake. Masika ya Kigoma unayajua, Mheshimiwa.

Ninaloomba halihitaji bajeti kubwa. Jina la mtengenezaji liandikwe kwenye daftari la mgonjwa. Vidonge vikibadilika, tuambiwe palepale dirishani, tupewe na tarehe ya karibu ya kurudi kliniki. Vitolewe ndani ya pakiti yake. Na mzazi akirudi kusema mtoto ameanguka tena, taarifa iandikwe ipelekwe TMDA, mamlaka ya dawa ya nchi yetu, asirudishwe nyumbani na neno "ileile".

Kliniki yetu ijayo ni Alhamisi. Nitakuja na kibahasha hicho, vidonge vilivyobaki vimo ndani.

Mama wa mgonjwa,
Kibirizi, Kigoma