Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote

YAH: DRONI ZA MAWASILIANO WAKATI WA MAAFA

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Desemba 3, 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafukia nyumba za Gendabi na sehemu ya mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Saa kama zile aliyenaswa na anayemtafuta wote wanategemea simu, simu inategemea mnara, na mnara unataka umeme.

Minara 758 mliyoisainia mikataba Mei 2023 ni kazi kubwa, nasi wa vijijini tunaishukuru. Lakini mnara ukiangushwa, kuusimamisha upya si kazi ya siku moja. Naomba Mfuko ununue droni chache za kurusha mtandao, zikae tayari kwenye kanda.

Siombi nchi nzima ifunikwe kutoka angani. Kenya walipata maputo ya Loon ya kurusha intaneti Julai 2020, yakielea kilomita kama 20 juu. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa kwa sababu ya gharama. Ninayoisema mimi ni droni ya waya: umeme inaupata kwa jenereta iliyo chini, kwa hiyo haishuki kila mara kubadilishwa betri. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico mwaka 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ilizimika. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, wakarusha droni ya namna hiyo, mita kama 60 tu kwenda juu, yenye uwezo wa kuhudumia eneo la kilomita za mraba 100 hivi. Upepo ukiwa mkali hairuki, hilo lazima tulikubali. Kazi yake inaanza dhoruba ikitulia, waokoaji wanapoingia.

Kinachonitia hofu zaidi ni vibali. Anga iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), masafa ya redio yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na watu wakiwa kwenye tope hakuna muda wa kuandikiana barua. Tafadhali waite wote mezani sasa, kibali cha dharura kisainiwe mapema. Kampuni za simu nazo zikubaliane kwamba droni ikiwa hewani, laini ya mtandao wowote itashika. Mama aliyenaswa hawezi kwenda kutafuta laini nyingine.

Zoezi la kwanza lifanyike Hanang, pamoja na Zimamoto na kamati za maafa za vijiji, kabla ya masika yajayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Manyara