Kipimo cha saratani kifuate maji ya pwani

Mhariri,

Naomba nafasi niyaseme yanayotusibu sisi wakulima wa mwani wa Micheweni, Pemba.

Wifi yangu alianza kutokwa na damu nje ya siku zake kabla ya Ramadhani. Kila nikimwambia twende hospitali, jibu lake hesabu: nauli ya kwenda na kurudi ni unga wa watoto, na bamvua, siku maji yanapokupwa mbali, ukiliacha likapita, mwani haukuvunwa na pesa hakuna. Wakati huo nyumba ile inakula mlo mmoja, muhogo jioni. Asubuhi chai kavu. Mtu wa hali hii utamwambiaje "wahi kupima"? Alipofika kupimwa, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa, akavushwa hadi Dar es Salaam kupigwa mionzi.

Linaloniuma ni kuwa maradhi haya hayaji ghafla. Virusi vya HPV huchukua miaka mingi mpaka vilete saratani, na kipimo kimojawapo ni siki tu: muuguzi hupaka mlango wa kizazi, husubiri kidogo, penye mabadiliko hugeuka peupe. Majibu papo hapo. Shirika la Afya Duniani linataka ifikapo 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa wakifika miaka 35, na tena 45. Wifi yangu ameipita yote miwili bila kupimwa. Na wenzetu wengine ninaowajua ambao hawajapimwa, wengi ni wa nyumba zile zile ambazo chungu hakipandi jikoni mara mbili kwa siku.

Wapimaji walishakuja kijijini, nawashukuru kwa dhati. Lakini walikuja bamvua limesimama! Sisi sote tuko baharini na kamba zetu, na tuliporudi wao wameshafunga vitu vyao. Mwezi mchanga na mwezi mpevu maji hupwa mbali, hapo hatupatikani. Baina yake ni maji mafu, tupo nyumbani tunaanika. Siku hizo ndizo za kupima.

Kuna na la chakula chenyewe. Matibabu yamemkata wifi yangu hamu ya kula, mwili umekwisha, na karatasi aliyopewa nimeisoma mwenyewe: ale samaki, mayai, maziwa, matunda. Hakuna aliyemuuliza nyumbani kuna nini. Naomba kila anayepimwa na kila anayetibiwa aulizwe swali moja: jana mlikula mara ngapi? Akijibu mara moja, na akiridhia, sheha, kiongozi wetu wa mtaa, apewe habari, naye aifikishe kwa watu wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na wa Kamisheni ya Wakfu wanaogawa zaka. Mgonjwa asiachwe azunguke mwenyewe kuomba, hana nguvu hizo.

Wakuu wa afya wa wilaya wakitaka tarehe za maji mafu, waje kwetu pwani. Tutawapangia za mwaka mzima.

Mkulima wa mwani,
Micheweni, Pemba