Maji yanayokula sabuni na makala

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji. Kuhusu maji ya Lubumbashi huandikwa mara nyingi, na ni haki: bomba kukauka, foleni za bidoni, hofu ya kipindupindu. Ila kuna jambo halisemwi, nalo linaingia katika nyumba nyingi zinazotegemea maji ya chini ya ardhi. Maji hayo ni magumu. Yanatoka baridi, mangavu, bila harufu, kila mtu anafurahi. Kisha mama anayatia katika beseni, anasugua sabuni, na badala ya povu anapata utando mzito wa kijivu unaoelea juu na kuganda pembezoni.

Huku kwetu Kampemba malalamiko yaliongezeka watu wengi walipohamia foraji, yaani visima virefu vya pampu. "Mayi hii inakula sabuni, mwalimu," jirani yangu mmoja aliniambia, akanionyesha shati la mwanawe. Sare ya shule zetu ni bluu na nyeupe, na kila mzazi anajua kazi ya kulitunza shati jeupe. Lile lilikuwa limefuliwa kwa bidii, kola imesuguliwa mpaka nyuzi zimeanza kulegea, lakini rangi ilikuwa ya majivu na kitambaa kimekakamaa kama kilichotiwa wanga. Shuleni walimwambia mtoto kwamba nyumbani kwao hawafui. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu mama yule anafua kuliko wengi wetu.

Nafundisha kemia, kwa hiyo naomba nieleze kinachotokea. Katika ardhi ya Lubumbashi na viunga vyake kuna matabaka ya mawe ya chokaa na dolomiti. Mvua ikipenya udongo huchukua gesi ya kaboni, maji yanakuwa na ukali kidogo, nayo yanayeyusha mawe hayo polepole. Yanapofika kwenye pampu yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ikikutana na madini hayo hushikana nayo kwanza. Ule utando wa kijivu ni sabuni iliyokwisha kazi kabla ya kugusa uchafu.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kabonati ya kalsiamu katika lita moja. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji yakizidi 180 huitwa magumu sana. Tuchukue mfano wa maji yenye 300. Bidoni ya lita 20 inakuwa na gramu 6 za madini hayo, na ukifanya hesabu ya kemia utaona kwamba gramu hizo zinameza karibu gramu 36 za sabuni kabla povu la kwanza halijasimama. Familia inayofua kwa bidoni kadhaa inamwaga kipande kizima cha sabuni mtaroni, na hakuna hata soksi moja iliyotakata. Anayelipa ni yule mwenye pesa kidogo, kwa sababu ndiye anayefua kwa mkono na kwa sabuni ya kipande. Sabuni ya unga ya kisasa huvumilia zaidi maji haya, lakini nayo ina bei yake.

Sabuni si hasara kubwa kuliko zote. Nendeni jikoni mtazame sufuria ya maharagi. Kalsiamu huingia katika ngozi na nyama ya haragi, ikashikana na pektini, ile gundi ya asili inayounganisha chembe za mmea. Katika maji laini gundi hiyo huyeyuka na haragi linapasuka. Katika maji magumu inakazwa. Mama anaweka sufuria kwenye mbabula (jiko la makaa) asubuhi, anaongeza makala, yaani makaa, anaongeza maji (yaani anaongeza madini), watoto wanarudi shuleni, bukari (ugali) liko tayari na maharagi bado yanagonga kwenye kijiko. Watu husema ni maharagi ya zamani. Ni kweli maharagi yaliyokaa sana ghalani huwa magumu, lakini mkitaka kujua mwenye kosa ni nani, chukueni maharagi ya kopo moja, pikeni nusu kwa maji ya foraji na nusu kwa maji ya mvua.

Na makala hayo yanatoka wapi? Tunawaona vijana kila alfajiri wakisukuma baiskeli zilizosheheni magunia kwenye barabara ya Kasenga na ya Likasi. Misitu ya miombo inayouzunguka mji huu inarudi nyuma kila mwaka, na sehemu ya moto wake inatumika kupambana na maji yasiyotaka kulainisha haragi. Sijaona mtu yeyote akiweka hesabu hiyo katika mipango ya maji wala ya mazingira.

Kuhusu birika na rezistansi za kuchemshia nitasema kidogo tu. Maji yakichemka gesi ya kaboni hutoka, na madini yanaganda kuwa gamba jeupe. Gamba halipitishi joto vizuri, kwa hiyo umeme mwingi unapotea, na waya wa ndani unaungua kwa kukosa kupoa. Siki au maji ya ndimu yatalitoa gamba hilo katika birika. Lililo ndani ya mabomba ya ukutani ni kazi ya fundi.

Nataka pia kutuliza hofu moja. Wengi wanaamini ule weupe unajenga mawe katika figo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu ya afya, na kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Hatari ya kweli ni vijidudu, navyo havionekani kwa macho wala havihusiani na ugumu. Kwa hiyo msiache kuchemsha au kutia klorini maji ya kunywa. Ila mjue kwamba klorini haipunguzi ugumu, na chujio la udongo linalouzwa sokoni kwa ahadi ya "kutoa chokaa" halitoi madini yaliyoyeyuka. Vifaa vinavyoyatoa vipo, vinatumia chumvi kujisafisha, na bei yake si ya mtaa wetu.

Nyumbani tunaweza kufanya machache. Maji mliyochemsha kwa kunywa, yaacheni yatulie, mmimine ya juu. Sehemu ya ugumu itabaki chini. Loweka maharagi usiku kucha katika maji hayo au ya mvua, ukatie bikabonati kidogo, asubuhi uyamwage na kupika kwa mengine laini. Mvua zetu zinatunyeshea tangu mwisho wa mwaka hadi karibu Aprili, na maji yanayotiririka kwenye malata ni laini kabisa. Yakingeni kwa kufulia. Acheni mvua ya kwanza ioshe paa, na msiyanywe, kwa sababu huu ni mji wa migodi na vumbi lake linatua juu ya paa zetu zote.

Lakini mama hawezi kubadilisha mwamba kwa sufuria. Maji hayafanani, foraji moja inaweza kuwa ngumu sana na nyingine, mtaa wa pili, ikawa nafuu. Hayo hujulikana kwa kupima tu. Waliotuchimbia sisi walipima kina na wingi wa maji, wakafungua robine mbele ya watu, makofi yakapigwa. Karatasi ya ugumu hatukuonyeshwa. Kipimo chenyewe ni cha matone na rangi, wanafunzi wa kemia pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanakifanya katika mazoezi yao.

Kulainisha maji kwa mji mzima nako si jambo jipya. Mwaka 1841 Thomas Clark, profesa wa kemia wa Aberdeen huko Scotland, alisajili njia ya kutia chokaa iliyozimwa (iliyochomwa kisha ikatiwa maji, si jiwe lenyewe) katika maji magumu ili kalsiamu igande na kuzama. Sisi tuna chokaa: inachomwa Kakontwe, Likasi, na viwanda vya shaba na kobalti vinaitumia kwa wingi. Nchi inayotafuta chokaa kwa ajili ya madini inaweza kutenga kidogo kwa ajili ya maji ya watu wake, walau kwenye vituo vikubwa vya kusambaza.

Sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 iliwapa majimbo na watu binafsi nafasi katika huduma hii. Naiomba serikali ya jimbo letu la Haut-Katanga iwadai wote wanaouza maji, wakubwa kwa wadogo, wabandike karatasi moja kwenye nyumba ya pampu: tarehe ya kupima, ugumu kwa miligramu, hali ya vijidudu, na jina la maabara. Ipimwe kiangazi na masika, na isomeke kutoka kwenye foleni ya bidoni.

Mwalimu wa kemia,
Kampemba, Lubumbashi