Rejista ya zawadi za kituo cha polisi iwekwe wazi

Mhariri,

Polisi wa mtaa wetu hapa Nakuru wametugawa raia mafungu mawili. Wako wanaopiga simu na gari likafika papo hapo, na tuko sisi wengine tunaoandikiwa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kwenye kipande cha karatasi na kuambiwa turudi kesho. Kinachotutenganisha si uzito wa kosa tulilotendewa. Ni kama una biashara kubwa, na kama biashara hiyo huwatunza maafisa wa kituo.

Nitatoa mifano, maana lalama za jumla jumla hupuuzwa haraka. Kuna klabu iliyofunguliwa katikati ya nyumba za kupanga, ukuta kwa ukuta na familia zenye watoto wa shule. Spika huanza kunguruma jioni na hazizimwi hadi karibu alfajiri. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi, kiwango kisichozidi sana sauti ya mtu anayenong'ona. Tuliandika barua, wapangaji na wenye nyumba tukatia sahihi, tukaipeleka kituoni. Maafisa walikuja, wakazungumza na meneja, wakaenda zao. Muziki haukupunguzwa hata kidogo.

Usiku uo huo ulifanywa msako nje ya klabu iyo hiyo. Walibebwa vijana wa boda boda waliokuwa wakingoja abiria, pamoja na mama anayeuza smokie na mayai, eti wanazuia njia. Magari ya wateja wa klabu yalikuwa yameegeshwa juu ya njia ya wapita miguu, kiasi kwamba mtu alilazimika kushuka barabarani ili apite. Hayakuguswa.

Mama yule alilala seli. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 49, inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Afisa wa kituo anaijua ibara hiyo kuliko mimi. Basi kwa nini mwenye sufuria ya mayai alale sakafuni na mwenye klabu asiitwe hata kuandikisha taarifa?

Saa za kuuza pombe nazo zimekuwa za wachache. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo hadi leo tunaiita sheria ya Mututho kwa sababu iliwasilishwa bungeni na John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha katika kaunti yetu hii hii, iliweka wazi kwamba baa za kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na kufungwa saa tano usiku. Mtaani kwetu saa hizo zinamhusu mwenye kibaa cha mabati. Yeye akichelewa kufunga kwa dakika chache, wateja wake wanapandishwa garini. Baa yenye ghorofa na walinzi mlangoni huuza tangu asubuhi, na gari la doria hupita mbele yake bila kupunguza mwendo.

Lakini jambo lililonisukuma kushika kalamu ni la mafuta. Fundi viatu wa hapa kwetu alivunjiwa kibanda, akaibiwa mashine ya kushonea, ngozi na viatu vya wateja. Alipofika kituoni aliambiwa gari halina mafuta, kwa hivyo kama anataka wapelelezi wafike aone vile atawasaidia. Mtu ameibiwa kila kitu alicho nacho, halafu anatakiwa anunue petroli ndipo serikali imfuatilie mwizi. Siku chache baadaye duka moja la jumla liliibiwa bidhaa, na gari lile lile lilikuwa mlangoni kabla hata watu hawajakusanyika. Nilipouliza mafuta yalitoka wapi, nilijibiwa kama jambo la kawaida kabisa: wenye duka ndio huyajaza. Huwanunulia hata magurudumu.

Hapo ndipo shida ilipo, na ndiyo sababu siamini kwamba kuhamisha OCS, yaani mkuu wa kituo, mmoja kutatibu ugonjwa huu. Wafanyabiashara kuchangia vituo vya polisi mafuta, matengenezo ya magari, hata ujenzi wa vyumba, ni jambo lililozoeleka katika miji mingi ya Kenya, na mara nyingi hufanywa hadharani kwa picha na kupeana mikono. Huenda wengine huchangia kwa moyo safi. Hata hivyo afisa ni binadamu. Hawezi kupokea mafuta Jumatatu kisha Ijumaa akaingia kwa mfadhili wake kuzima spika. Hakuna haja ya bahasha kupita chini ya meza, deni limeshawekwa.

Sisemi wenye maduka wasilindwe. Wanalipa ushuru, wameajiri watoto wetu, na wakivamiwa na majambazi ni haki yao polisi wafike mbio. Walinzi wa benki wenye sare za polisi hawanikeri pia, kwa sababu Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaruhusu mtu kuomba maafisa na kuwalipia kupitia njia rasmi, na malipo hayo yanaweza kukaguliwa. Mafuta yanayomiminwa kwenye gari la doria bila stakabadhi hayakaguliwi na yeyote.

Wala simlaumu konstebo peke yake. Kikosi kazi cha Philip Ransley kilitoa mapendekezo zaidi ya 200 ya kurekebisha polisi mwaka wa 2009. Kingine, chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kiliundwa Desemba 2022 na kukabidhi ripoti yake Novemba 2023. Tumeandika ripoti vya kutosha katika nchi hii. Kituo kisichopewa pesa za mafuta kitaendelea kutegemea hisani ya mwenye nazo, na asiye nazo atabaki na nambari yake ya OB.

Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 ilizitaka taasisi za umma ziweke rejista ya zawadi zinazopokelewa na maafisa wake. Naomba mkuu wa polisi wa kaunti atujibu kupitia ukurasa huu: vituo vyetu vina rejista hiyo? Kama ipo, ibandikwe ubaoni nje ya ripoti ofisi, ionyeshe nani alitoa mafuta, nani alitoa magurudumu, na lini. Kama haipo, ianzishwe mwezi huu, na misaada isitishwe mpaka ianzishwe. Gavana naye, ambaye sheria ya polisi ya 2011 inasema yeye au mjumbe wa kamati yake ya utendaji aliyemteua ndiye mwenyekiti wa Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, atueleze mamlaka hiyo hukutana lini na sisi wakazi tunapeleka wapi maoni yetu.

Nao majirani zangu, hasa wa boda boda na vibanda, wasichoke kuandikisha taarifa. Dai nambari ya OB, andika jina la afisa au nambari yake ya huduma, andika saa. Ukinyimwa huduma au ukiambiwa ulete pesa za mafuta, peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi. Kupokea malalamiko ya raia dhidi ya polisi ni mojawapo ya kazi zake kisheria, na hailipishi kitu. Fundi viatu tumemsaidia kuandika yake. Tutaipeleka wiki hii, pamoja na nakala ya ile barua ya kelele iliyobaki kituoni bila kujibiwa.

Mkazi na mlipa ushuru,
Nakuru