Umevuka pauni 100,000 Uingereza? Tazama kwanza mchango wako wa pensheni

Kila Machi simu ya ofisi yetu hulia kwa jambo lile lile: mteja kapandishwa mshahara, kapewa na bonasi, lakini kinachoingia benki hakilingani na jasho lake. Mmoja alitandaza mezani karatasi zake za mshahara za miezi kumi na moja, juu yake akaweka barua ya malezi ya mtoto. "Kaka, nimekosea wapi?"

Hakukosea. Mshahara wake ulikuwa pauni 104,000, na bonasi 8,000. Kwa kawaida pauni 12,570 za mwanzo hazitozwi kodi ya mapato. Ukivuka 100,000, kila pauni mbili za ziada zinakula moja ya hizo, na ukifika 125,140 hakuna iliyobaki. Kwa hiyo zile 12,000 zake za juu zilitozwa 40%, yaani 4,800. Juu ya hapo alipoteza 6,000 za kiwango kisichotozwa, nazo zikatozwa 40%: pauni 2,400 nyingine. Jumla 7,200, sawa na peni 60 katika kila pauni. (Hesabu hii si ya Scotland, wao wana viwango vyao.)

Mstari huo wa 100,000 haupimwi kwa mshahara wa kwenye mkataba. HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, hujumlisha mapato yako yote, na kwa aliyeishi hapa miaka mingi hata pango la nyumba ya Mombasa limo, kisha hutoa michango yako ya pensheni. Tulimshauri aweke pauni 9,600 kwenye pensheni yake binafsi. Mfuko ukadai 2,400 serikalini, mchango ukawa 12,000, na mapato yake yakashuka hadi 100,000 kamili. Alipojaza ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, akarudishiwa 4,800 nyingine. Pauni 12,000 za uzeeni zimemgharimu 4,800.

Na ile barua? Ruzuku za malezi ya mtoto kwa wazazi wanaofanya kazi, zikiwemo saa 30 kwa wiki za England, hukatika mzazi mmoja tu akizidi 100,000, hata kwa pauni moja. Hapa hakuna kupungua kidogo kidogo. Kwa familia changa, hilo linauma kuliko kodi yenyewe.

Makosa tunayoyaona sana ni ya kutoa namba isiyo sahihi kwenye mapato. Kama mwajiri anakata pensheni kabla ya kodi, tarakimu ya kwenye P60, ile karatasi ya mshahara na kodi ya mwaka mzima anayokupa mwajiri, imeshapunguzwa, kwa hiyo usiipunguze tena. Kama unalipa mwenyewe kutoka benki, unatoa mchango pamoja na nyongeza ya serikali: 12,000, si 9,600.

Wenye kipato kikubwa zaidi wana hesabu nyingine, na hii ndiyo inayochanganya watu. Kwa kawaida michango yako na ya mwajiri kwa pamoja inaweza kufika pauni 60,000 kwa mwaka bila tozo. Lakini mapato yako yakizidi 200,000 baada ya kutoa michango yako, na yakazidi 260,000 ukirudisha michango hiyo na kuongeza ya mwajiri, kikomo hicho huanza kushuka, hadi 10,000 kwa anayefika 360,000. Yaani pensheni iliyokupunguzia mapato kule, huku inayaongeza. Daktari bingwa au meneja wa benki akitumia hesabu ya kwanza mahali pa ya pili ataletewa bili asiyoitarajia, ingawa nafasi ambayo hakuitumia katika miaka mitatu iliyopita huweza kumsaidia.

Ukija kwetu beba karatasi ya mshahara ya karibuni, barua ya bonasi, taarifa ya mfuko wa pensheni na hesabu ya pango kama unalo. Njoo kabla ya katikati ya Machi, kwa sababu fedha lazima ziwe zimefika kwenye mfuko kufikia Aprili 5. Zikifika tarehe 6, ni za mwaka mwingine wa kodi.