Wagonjwa wa mapafu wa Kusini nao wahesabiwe wanapozidiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwasemee watu wa Mtwara na Lindi wenye ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaoziba njia za hewa na hauponi. Nazungumzia hasa kuzidiwa: zile siku ambazo mgonjwa aliyekuwa akijimudu anaanza kuhema akiwa amekaa tu, makohozi yanaongezeka na kugeuka kijani, na familia inahangaika kutafuta bodaboda usiku.

Mama yangu mdogo wa Tandahimba ni mmoja wao. Hajawahi kuvuta sigara. Amepikia kuni tangu usichana, na aliwahi kuugua kifua kikuu akamaliza dawa. Nililifungua daftari lake la matibabu. Kila alipozidiwa pameandikwa "kikohozi", mahali pamoja "pumu", kisha antibayotiki, basi. Kurasa zile hazijuani. Anayempokea leo hana habari kwamba mama huyu alikuwa hapo mwezi uliopita na shida hiyohiyo.

Linaniuma kwa sababu umuhimu wa kuhesabu unajulikana. Mwaka 2010 watafiti waliowafuatilia wagonjwa 2,138 wa nchi 12 kwa miaka mitatu walieleza kwamba dalili kubwa kuliko zote ya mtu atakayezidiwa ni kuwa alishazidiwa kabla. Wapo wanaozidiwa mwaka hadi mwaka hata kama mapafu yao, kwa kipimo, hayajaharibika sana. Na mtu akitoka katika hali hiyo, mara nyingine harudi kabisa alipokuwa. Kwa hiyo tarehe chache zilizoandikwa vizuri zinamsaidia daktari kuamua nani apewe dawa ya kuvuta ya kila siku na nani afuatiliwe kwa karibu.

Lakini katika nchi hizo 12 hakuna hata moja ya Afrika, na wagonjwa wote walikuwa wameshavuta sigara kwa miaka. Tafiti kubwa nyingi za ugonjwa huu ziko hivyo. Ule wa Uswisi wa mwaka 2013, uliowahusisha wagonjwa 314, ulionyesha kwamba mtu akizidiwa, vidonge vya prednisoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, kwa siku 5 vinafaa sawa na vya siku 14. Ni habari njema mno, maana dawa za jamii hiyo zikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na huku watu hujinunulia tu dukani. Lakini utafiti huo nao ulichukua waliovuta sigara kwa muda mrefu. Je, majibu yake yanamfaa vilevile mwanamke aliyeharibiwa na moshi wa kuni, au aliyebaki na makovu ya kifua kikuu? Huyo naye anastahili ushahidi wake.

Halafu kuna salfa. Kuanzia Juni hivi mashine zinaunguruma alfajiri kabla upepo haujaanza, vumbi la njano linapanda kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, na lingine linaingia hadi vyumbani. Siipingi salfa, bila hiyo hatuvuni korosho. Lakini vumbi lake huwasha koo na kumkohoza hata mzima. Miezi hiyohiyo Newala na Tandahimba ni baridi, mafua yanazunguka, na virusi vya mafua ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kuzidiwa. Baridi hiyohiyo inawafanya watu waingize jiko la mkaa ndani. Kipi kinawaangusha zaidi wagonjwa wetu? Swali hili litajibiwa hapahapa kwetu, si kwingine.

Ombi langu ni hili. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, pamoja na hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda na Nyangao, zikubaliane fomu moja ya kila anayezidiwa: tarehe, rangi ya makohozi, anapikia nini, kama aliwahi kuugua kifua kikuu, kama wiki ile salfa ilipulizwa karibu naye. Akishatulia apimwe kwa spirometa, kile kipimo cha kupuliza pumzi, maana bila hicho pumu na ugonjwa huu vitaendelea kuchanganywa. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iko vizuri kuongoza kazi hiyo. Msimu mmoja wa kupuliza, Juni hadi Septemba, unatosha kuanzia, na gazeti lako naliomba liwaulize wahusika kama wako tayari kwa msimu ujao.

Mkulima wa korosho,
Mtwara